Simameni, Nati Imeanguka

Baba yangu alikuwa fundi wa pampu na mashine za kusaga pale Ruring'u, na karakana yake ilikuwa na sheria moja. Nati ikianguka, kila mtu alisimama alipo, hata mteja. "Hakuna mtu kuinua mguu!" Kisha yeye mwenyewe alipiga magoti, akavuta kila kilichoegemea ukuta, akapapasa vumbi mpaka aipate. Habari za kununua nyingine hakutaka hata kuzisikia.

"Kitu haipotei, mama," aliniambia. "Inaanguka tu. Inakaa hapo ikingoja mtu ainame."

Aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mamake, kama ilivyo desturi kwetu kwa msichana wa kwanza. Nilipoingia chuo kikuu kusomea uhandisi wa mitambo, akaniongezea cheo: Mama Injinia. Kanisani, sokoni, hata Kagio alikoenda kutengeneza pampu za wakulima wa nyanya, watu ambao sikuwahi kuwaona walikuwa wananijua.

Mwaka wa tano matokeo yalipotoka, somo moja halikuwa na maksi. Dashi tu. Na lilikuwa somo la mwendo wa maji kwenye mabomba, ambalo Baba angelifundisha akiwa amefumba macho! Mtihani niliufanya na sahihi nilitia, lakini karatasi haikuonekana, na bila maksi hizo jina langu halingeingia kwenye orodha ya mahafali. Mahafali yalikuwa miezi minne mbele. Baba naye alikuwa ameambiwa ana saratani ya koo.

Nikaanza kuzunguka ofisi. Mhadhiri alinituma kwa katibu, katibu akanituma kwa mkuu wa idara, mkuu akanirudisha kwa mhadhiri. Hebu angalia wiki ijayo. Nilijifunza kutabasamu huku damu inachemka, na sidhani kama nilijifunza kingine mwaka huo.

Baba alipiga simu kila Ijumaa.

"Mama, maki imepatikana?"

"Bado, Baba."

"Umeangalia chini ya meza yao? Nyuma ya kabati je?"

Kwake maksi zilikuwa kitu kilichodondoka mahali. Aliomba hata kanisa lizima liombe zionekane. Niliwasimulia wenzangu wa chumbani, wakacheka, nami nikacheka nao. Wakati huo sauti yake ilikuwa imeanza kukwama na chakula kilichopita kooni kilikuwa uji peke yake.

Ijumaa moja akasema, "Si nikuje tutafute na wewe? Bado niko na nguvu ya kuinama."

Nilimwona akilini akishuka chuoni na koti lake lililojaa madoa ya mafuta, akipiga magoti katika ofisi za watu. Niliona haya. Nasema ukweli, niliona haya.

"Baba, hii si nati," nikamjibu kwa ukali. "Mambo ya chuo huyaelewi."

"Haya, mama. Wewe ndio umesoma."

Hakuuliza tena. Ijumaa zilizofuata aliuliza tu kama nimekula.

Mahafali yalipita bila mimi. Baba alifariki wiki tatu baadaye, na mazishini mchungaji alimwita baba wa injinia. Watu wakageuka kunitazama, nami nikatazama viatu vyangu.

Mwezi uliofuata nilirudi chuoni, kwa mazoea tu. Idara ilikuwa inapakwa rangi. Katika ofisi ya mhadhiri, wapaka rangi wawili walikuwa wamelivuta kabati kutoka ukutani, na sakafuni nyuma yake palikuwa na karatasi nne zenye vumbi. Nilipiga magoti. Ya tatu ilikuwa na namba yangu, imesahihishwa, sabini na moja kwa kalamu nyekundu.

"Kumbe ilikuwa hapa tu!" mhadhiri akasema, akicheka.

Nililia pale chini, na mmoja wa wapaka rangi, akidhani ni furaha, akanipa hongera. Nililigusa lile kabati. Lilikuwa jepesi, la mbao nyembamba. Baba angelivuta siku ya kwanza, hata na ugonjwa wake.