Mawe ya Redio Juani

Enzi zetu redio ilitumia mawe. Kijana wa leo akisikia hivyo atafikiri tuliirushia. Ni betri hizo, zile nene, na zikichoka tulizianika juani juu ya bati zipate nguvu kidogo, angalau zifike taarifa ya habari ya jioni. Wewe wa rika langu najua unacheka, maana hata kwenu zilianikwa.

Kwetu Kisegi, kando ya ziwa, redio ilikuwa ya Baba. Sisi watoto hatukuigusa. Tulikuwa na mchezo wa kati, wa kukwepa mpira, na kamba ya kuruka, na muhogo wa kuchemsha tuliotafuna njiani kwenda shule. Nguo zetu zote zilinuka omena, wale dagaa wa ziwani, na hatukujua kwamba zinanuka mpaka tulipokuja kuishi mjini.

Kisha kipindupindu kikaingia na shule zikafungwa. Mwanzo tulishangilia. Lakini mdogo wangu Atieno, wa darasa la pili, alibadilika. Aliacha kula. Chooni haendi mpaka Mama amsindikize. Jioni Baba akiinamia redio yake, akishika kichwa na kuguna, Atieno anaingia chini ya kitanda na kutetemeka. Alikonda mpaka nguo zikawa zinamvuka mabegani, na mimi niliogopa kwamba tutampoteza bila hata yeye kuugua.

Asubuhi moja Mama alitoa mawe kwenye redio akayapanga juu ya bati la jikoni.

"Yamechoka," alisema.

"Yamechoka vipi? Si nilinunua juzi sokoni?" Baba akauliza.

"Yamechoka, Baba Akinyi. Wacha yapumzike."

Akinyi ndiye mimi, kifungua mimba. Sikuwahi kuona betri zikipumzika vile. Wiki zikapita, jua kali, redio kimya. Baba alipokosa la kusikiliza alianza kufuatana na Mama ufuoni kuanika omena, naye hakujua hata kushika ufagio wa kuwakusanyia. Atieno aliwekwa katikati yao kufukuza ndege. Siku moja Baba alimkimbiza yangeyange, akateleza, akakaa juu ya omena wa jirani, na Atieno akacheka. Jioni hiyo aliomba ugali, akaongezwa, akaramba sahani.

Dawa hiyo niliiweka akilini. Korona ilipofunga shule nilikuwa Migori, nauza nguo sokoni, na mwanangu Ouma alianza kung'ata kucha mpaka damu. Kila mara: nyanya atakufa? Wewe utakufa? Nikasema, hii naijua. Nilifungia televisheni kabatini, nikamkataza kwenda kwa jirani. Hali ikazidi. Chakula kikawa kinarudi jikoni kama kilivyotoka.

Nilimpigia Mama nikalalamika kwamba watoto wa siku hizi ni laini kama mkate uliolowa chai, hata dawa zetu haziwashiki. Alicheka sana, kisha akanijibu kwa Kijaluo, polepole.

"Nyathina, mwanangu, Atieno alikuwa darasa la pili. Kiswahili cha taarifa ya habari angekijulia wapi? Hakusikiliza redio hata siku moja. Alikuwa anatazama uso wa baba yenu. Yale mawe niliyatoa kwa ajili ya mume wangu."

Televisheni ilikuwa kabatini, lakini simu yangu ilikuwa mkononi kutwa: kundi la ukoo, kundi la kanisa, kundi la wafanyabiashara, kila moja na maiti wake. Nilikuwa nikisoma huku nasonga ugali, nikishika kichwa, nikiguna.

Nilizima simu, nikamwita Ouma tukande chapati. Nilijilaumu, nasema wazi. Pia niliwaonea wivu wazee wetu. Enzi zile hofu ilikuwa na saa yake, ikishasomwa inanyamaza mpaka kesho, na mama mwenye akili aliweza kuianika juu ya bati. Siku hizi tunaitia chaji wenyewe na kulala nayo chini ya mto.

Unga ulitujaa mpaka kwenye viwiko. Niliona kwamba Ouma hatazami donge lake. Alikuwa ananitazama mimi, kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha.

"Mum," akauliza, "kwani umepona?"