Siku Niliyowaonyesha Gereza la Mjerumani

Aibu hii nilitaka kufa nayo, ila mke wangu ameshaisikia sokoni, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe kabla haijaongezwa chumvi.

Mnanijua. Nilitoka Mwanza na begi moja, nikarudi kutoka Arusha na stashahada ya utalii, nikajenga Buswelu bila kumwomba mtu hata msumari. Niliposikia kuna kamati inatafuta mtu wa kutembeza wageni kwenye magofu ya boma la Mjerumani, ng'ambo upande wa Sengerema, nikaona kazi ni yangu. Siku moja kabla ya kuonyesha ujuzi wangu mbele ya kamati nikavuka ziwa na kivuko kwenda kupaangalia, nikamkuta Mama Kabula, mwenyeji wa kijiji kile, anaanika dagaa, nikamwamkia, akaniuliza, "Nikupeleke?" nikasema asante mama, haya mambo nimeyasomea (hapo ndipo nilipojiponza). Nikapanda kilima peke yangu, nikaona kuta zilizoota majani, na katikati mtaro mwembamba wenye kina, wa kuingia kwa mteremko na kutoka kwa ngazi. Nikajua hilo ni gereza.

Kesho yake kamati ikaja kutoka mjini, Mama Kabula akafuatana nasi kwa niaba ya kijiji. Nikashuka mtaroni na suti yangu, nikaeleza jinsi wafungwa walivyoshushwa mmoja mmoja, maji yakiwafika shingoni (maji niliyatoa wapi, hata sijui), maneno yakawa yananijia tu, mpaka nikaomba tusimame dakika moja kuwakumbuka. Mwenyekiti, mzee ambaye babu yake alibebeshwa mawe ya boma lile asirudi nyumbani, alivua kofia akafuta macho. Mama Kabula alijiziba mdomo kwa kanga. Nikadhani analia.

Dakika ilipoisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, wewe si Msukuma?"

"Ndiyo, mama."

"Kwenu ng'ombe walikuwepo?"

"Wengi tu."

"Kupe mlikuwa mnawaondoaje?"

Nikatazama mteremko, nikatazama ngazi. Nilikuwa nimesimama ndani ya josho, la kuogeshea ng'ombe, kama lile ambalo baba yangu aliswagia ng'ombe wake kila wiki.

"Hao wafungwa walikuwa na mikia?" mjumbe mmoja akauliza, wenzake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mwenyekiti hakucheka. Alirudisha kofia kichwani taratibu, akasema, "Kijana, umenifanya nimlilie babu yangu kwenye dawa ya kupe."

Mama Kabula akatupeleka upande wa pili wa kilima, kwenye shamba la mihogo, palipobaki kona moja ya ukuta wa boma lenyewe. Hakuhutubia. Alimwambia mzee tu, "Mawe waliyapandisha kutoka kule ziwani," na mzee akainama akaligusa jiwe.

Kazi akapewa mama. Kwenye kivuko nilimwomba mwenyekiti radhi, akajibu, "Yameisha," kisha akahamia benchi jingine. Kicheko nimekizoea, lakini lile benchi bado linaniuma. Nimeapa sitasimulia tena msiba wa watu kabla sijawauliza wenyewe ulitokea wapi.