Tereza Wankyo wa Mugango na Neno "Isipokuwa"

Tereza Wankyo alizaliwa Mugango, ufukweni mwa Ziwa Viktoria, mwaka 1931. Mama yake, Nyamburi, alimlea peke yake kwa dagaa na mihogo. Alipouliza habari za baba aliambiwa kwamba alizama ziwani, akaamini, na kila Novemba akamtolea sala pamoja na marehemu wote. Alijifunza ukunga kwa masista, akakataa wachumba, hata watu wakamtania kwamba anangoja malaika aje na ng'ombe wa mahari. Yeye alimwambia padre kuwa Mungu amemwita kuwapokea watoto wa wengine. Kazi hiyo aliifanya kwa miguu, Suguti hadi Bunda, hata katika miaka ile ya dhiki ambapo sabuni ilikuwa haionekani madukani, naye akinawa kwa majivu na maji ya moto.

Alikuwa mkali, na hilo tusilifiche. Juu ya mimba alikuwa na neno moja tu, kwamba mtoto hana kosa, na aliyejaribu kuongeza "isipokuwa" alikatizwa hapo hapo.

Mwaka 1985 Gati, binti wa Suguti mwenye miaka kumi na minne, alipata mimba, akasema waziwazi kuwa aliyembaka ni mjomba wake. Mama yake, Marieta, alimleta Manyamanyama, karibu na Bunda, kwenye mkutano wa akina mama wa parokia. Siku hiyo mwanasheria kutoka Musoma alikuwa akieleza kwamba mimba huruhusiwa kutolewa pale tu uhai wa mama unapokuwa hatarini. Marieta akalia kwamba sheria hiyo haina macho, iongezwe: isipokuwa kwa aliyebakwa. Ukumbi ukagawanyika, hawa wakisema haki, hawa wakisema dhambi, mwisho wote wakamgeukia Tereza. Akasimama, akasema, "Hakuna isipokuwa. Mtoto hana kosa."

Ndipo Nyamburi, aliyekuwa ameketi nyuma na fimbo yake, akainuka.

"Tereza mwanangu, kaa chini. Baba yako hakuzama. Alinikamata kwenye mihogo, nikiwa mdogo kama huyu binti. Wazee walikula ng'ombe wa faini wakanyamaza. Nilikunywaga mizizi ili nikutoe, ikakataa tu. Ningepewa ruhusa, ningekutoa. Na leo nakupenda kuliko macho yangu. Yote mawili ni kweli, msiniulize kubwa ni lipi."

Tereza alisimulia baadaye kwamba masikio yalimvuma, asijue kama ameketi au ameanguka. Mtu aliyemwombea kila Novemba ndiye aliyemtenda mama yake hivyo! Lakini kilichomchoma zaidi ni kwamba kwa zaidi ya miaka hamsini alikula na mama huyu sahani moja, na hakuwahi kumuuliza lolote juu ya maisha yake. Akapiga magoti miguuni pake mbele ya watu wote, akamwomba radhi. Kisha akamwendea Gati, ambaye tangu asubuhi hakuna aliyemsemesha, akamuuliza, "Na wewe, mwanangu, unataka nini?"

"Mjomba atoke nyumbani," alisema Gati. "Analalaga pale pale mpaka leo."

Asubuhi nzima watu ukumbini walikuwa wamegombania kifungu cha sheria, na mbakaji yuko Suguti anangoja ugali. Marieta akajifunika uso kwa kanga. "Ni kaka yangu," alisema. "Nitamfukuzaje?"

Tereza alimshika Gati mkono, wakaenda polisi siku ile ile. Mjomba alifungwa, na ukoo wake ukaichoma moto nyumba ya Tereza. Gati alijifungua kwa kupasuliwa. Mtoto alilelewa na Tereza, ambaye hakumlazimisha binti kumtazama wala kutoa ushuhuda kanisani. Imani yake juu ya mtoto hakuiacha. Lakini viongozi wa parokia walipotaka kumtembeza Tereza mwenyewe kama ushahidi hai dhidi ya wanaotaka sheria ilegezwe, alikataa. "Ushahidi ni mama yangu," aliwajibu. "Mwulizeni yeye." Kwa jibu hilo akaondolewa katika kazi yake ya kufundisha dini parokiani, akatii, akafungua Bunda nyumba ya kuwapokea wasichana waliofukuzwa kwao.

Alifariki wakati wa Kwaresima, mwaka 1994. Watu wa Mugango husimulia kwamba siku ya maziko nyavu zilijaa sato, na wako wanawake wanaosema walijifungua salama baada ya kusali kaburini pake. Hukumu ya mambo hayo tunaliachia Kanisa. Ubishi wa sheria nao haujaisha.

Siku ile ya maziko kiongozi mmoja wa parokia alimwomba Gati, sasa mtu mzima, awaambie waamini jinsi marehemu alivyookoa maisha mawili.

"Hayo mawili mtahesabu ninyi," alisema Gati. "Siku ile watu walijaa ukumbi. Aliyeniuliza ni yeye tu."

Anayetaka kumwiga Tereza Wankyo aanzie hapo: amuulize mwenye kuumizwa, kisha anyamaze mpaka ajibiwe.