Jina la Nabwile kwenye Kompyuta ya Wafugaji

Nabwile alifukuzwa kazi kwa kosa ambalo hakulitenda. Walisema amefuta ukoo wa ng'ombe. Chama cha wafugaji wa ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa wenye damu ya kizungu, pale Kitale kilikuwa kimeweka kwenye kompyuta majina ya ng'ombe wote wa wanachama, mama ni nani na fahali ni yupi, kuanzia enzi za wazee. Siku moja mwaka wa 2004 yote yakakutwa hayapo. Ikabidi apatikane mtu wa kubebeshwa lawama, na aliyekuwa karibu ni mwanamke wa kupiga deki.

Alizaliwa upande wa Sirisia, binti wa kwanza katika nyumba iliyojaa watoto, na shule yake ikawa ni kubeba mmoja mgongoni huku akimpoozea mwingine uji. Aliolewa Matisi, kando ya Kitale, akazaa, mume akafa. Hapo ndipo alipoingia ofisi ya wafugaji, kufagia na kupika chai. Funguo zilikaa kwake. Kwa kuwa kompyuta ilikuwa kuukuu na ilichelewa sana kuamka, meneja Kipkemei alitaka aikute tayari.

"Mama, uiwashe tu kama unavyowasha jiko," alimwambia.

Karani Bramwel hakutaka mwanamke wa chai ajue neno la siri la wakubwa, kwa hiyo akamfungulia nafasi yake ndani ya mashine, yenye jina lake mwenyewe. Akamwonyesha herufi moja moja, na Nabwile akazifuata kwa kidole mpaka kioo kikang'aa.

"Umeona, mama? Sasa inakujua."

"Inijue tu. Mradi isinitume chai kama nyinyi."

Wakacheka. Tangu siku hiyo mashine iliamka kila asubuhi kwa jina la Nabwile, na hakuna aliyejisumbua kuifunga aifungue kwa jina lingine. Bramwel aliketi hapo akafanya kazi ya kutwa. Kipkemei naye aliketi akaandika barua zake. Kwa mashine, wote walikuwa Nabwile.

Jumatatu moja Chepchumba, mfugaji, alikuja kuchukua cheti cha mtamba wake. Bramwel akatafuta, akatoka jasho, akasema hakuna kitu. Wakamwita Kevin, fundi kutoka Bungoma. Kevin alikaa mbele ya kioo, wakubwa wamemzunguka.

"Programu hazifanyi kazi kimyakimya," aliwaeleza. "Kila moja ikifanya jambo inatuma ujumbe kwa mashine, na mashine inauweka mahali panaitwa logi. Ikifungua, inasema. Ikifuta, inasema. Hata printa ikikosa karatasi, inasema."

"Na hii iliyofuta ng'ombe zetu imesemaje?" aliuliza Kipkemei.

Kevin akasoma, akakuna shavu. "Imesema mtumiaji ni Nabwile."

Aliitwa kutoka jikoni, sabuni bado mikononi. Kipkemei akamwonyesha karatasi iliyotoka kwenye printa.

"Hili ni jina la nani?"

Nabwile aliinama, akalitambua. Ndilo neno pekee alilojua kulisoma duniani, na alifurahi kidogo kulikuta limeandikwa vizuri hivyo.

"Ni langu, bosi."

"Basi umekubali mwenyewe."

"Nimekubali nini?"

Hakuna aliyemtajia siku wala saa. Bramwel alikuwa anatazama dari kama mtu anayesikiliza mvua. Kipkemei akanyoosha mkono.

"Funguo, mama."

Habari zilifika Matisi kabla yake. Kwenye kinu cha kusagia mahindi, mfugaji mmoja aitwaye Kipruto alimwona amejipanga na debe lake, akapaza sauti.

"Shangazi! Si uniambie basi, ng'ombe wangu ni mtoto wa nani?"

"Muulize mama yake."

"Ati mama yake? Si ulimfuta, bana!"

Kinu kizima kikaangua kicheko. Hata yule wa kumimina mahindi alilazimika kusimama. Kanisani hawakucheka, ila wanawake wenzake walimwambia kwa upole apumzike kidogo kuosha vikombe vya meza ya Bwana. "Mpaka mambo yatulie, dada." Alikwenda kuomba kazi ya kufua, akaulizwa kama si yeye yule wa kompyuta. Matisi ikamshinda. Akahamia Bumula kwa kaka yake Wabwile, akapewa kona jikoni na kipande cha shamba cha kulima mboga za kuuza.

Miezi ikapita. Siku moja alikuwa amepeleka mboga soko la Bungoma, akamwona Kevin mlangoni mwa duka lake la kutengeneza kompyuta. Akaweka kikapu chini.

"Kevin, mwanangu. Mashine ilikuambia nini juu yangu?"

Kevin alimjua mara moja, na hakufurahi kumjua. "Mayi, mama yangu, mashine haikusema wewe. Ilisema nafasi yako ndiyo iliyokuwa wazi. Aliyeketi pale haimwoni."

"Mbona hukuwaambia hivyo?"

"Niliulizwa jina, nikataja jina."

"Na siku yenyewe ilikuwa ipi?"

"Ijumaa ya maonyesho. Saa tisa alasiri. Nakumbuka kwa sababu niliipigia mstari."

Nabwile alishika fremu ya mlango. Ijumaa ile aliiwasha mashine alfajiri kama kawaida, kisha akashinda uwanja wa maonyesho ya kilimo, kwenye hema la chama. Saa tisa alikuwa anammiminia Kipkemei chai, naye Kipkemei alilalamika mbele ya wageni kwamba sukari haitoshi. Ofisini alibaki Bramwel peke yake.

"Kumbe meneja alijua," alisema.

"Karatasi ilikuwa na saa, mayi. Yeye anasoma."

"Basi nitolee nyingine kama ile. Nitaipeleka mwenyewe."

Kevin akatikisa kichwa. "Haipo tena. Logi ina kipimo chake. Ikijaa, ujumbe mpya unasukuma nje wa zamani. Na ile printa yenu inalalamika kutwa kucha. Malalamiko yake ndiyo yaliyousukuma ule mstari wako."

"Printa inalia inaandikwa. Mimi je?"

Kevin alitazama chini. "Mayi, usiniombe nikusemee Kitale. Mashine za chama bado ninazitengeneza mimi."

Nabwile alipanda Kitale hivyo hivyo, bila karatasi. Bramwel alimwona dirishani, akavuta pazia. Sasa alikuwa naibu wa meneja. Kipkemei hakumwalika aketi.

"Bosi, saa tisa ile nilikuwa nakupa chai wewe mwenyewe."

"Mama, hayo yalishapita."

"Kwangu hayajapita."

"Ng'ombe tumeshawaandikisha upya. Kila mtu ametulia. Unataka niitishe mkutano niseme nini?"

"Useme hivyo hivyo. Kwamba sikuwapo."

"Nikisema hukuwapo, nitaulizwa nani alikuwapo." Akainuka, akamfungulia mlango kwa heshima, kama anavyomfungulia mgeni. "Nenda salama, mama. Wasalimie Bumula."

Nje mlinzi mpya alimwomba asisimame langoni, magari yanaingia. Akasogea. Hakuwa na mahali pa kushtaki. Angeanza kueleza logi ni nini, na mwenye kusikiliza angemuuliza amesoma mpaka wapi.

Bramwel hajamwambia mtu kwamba mkono uliofuta ng'ombe ulikuwa wake. Na Kipkemei bado ana deni la Nabwile, si shilingi, ni maneno machache: asimame kwenye mkutano wa wanachama, Kipruto na Chepchumba wakiwa wameketi mbele, aseme kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma kwamba saa ile Nabwile alikuwa naye, na kwamba alilijua hilo siku alipodai funguo. Mkutano hufanyika kila mwaka. Hajayasema.