Pumzi Kwanza, Klarineti Baadaye

Sie tuliokulia Keko tuliamshwa na randa. Jua halijachomoza vizuri, mafundi seremala wameshaanza, na vumbi la mninga linatua kwenye chai, kwenye madaftari, kwenye nywele tulizosukwa jana yake. Jioni tulicheza rede na kombolela katikati ya vitanda vilivyopakwa vanishi, na ole wako ukigusa kimoja: fundi anakuchapa, ukifika nyumbani mama anamalizia. Siku hizi jaribu kumchapa mtoto wa jirani uone.

Mtaani kwetu ndiko alikohamia Mwalimu Gaspari, mstaafu wa bendi ya jeshi, mtu wa Songea, mrefu, suruali zake zimenyooshwa pasi hadi unaogopa kumsogelea. Kanisani walimpa kazi ya kufundisha matarumbeta. Mie tarumbeta sikulitaka. Nilitaka ile klarineti yake nyeusi aliyoipiga jioni kibarazani kwake, maana sauti yake ilinifanya nihisi kama kuna mama anaimba jikoni huku anapika, hajui kama anasikilizwa.

Baba yangu, karani bandarini, hakufurahi. "Neema, soma. Filimbi haitakupikia ugali." Mama alimbembeleza mpaka akakubali, kwa sharti nisishuke darasani. Lakini kuja kunisikiliza mazoezini, hakuja hata siku moja.

Nilidhani siku ya kwanza nitapuliza. Thubutu! Mwalimu alinikatia kipande cha gazeti, akaniambia nikishikilie ukutani kwa pumzi tu, kisianguke. "Pumzi kwanza," alisema. "Klarineti haina haraka, imekaa kwenye sanduku lake tangu hujazaliwa." Nilipuliza gazeti mpaka nikaona kizunguzungu. Halafu akanisimamisha kibarazani: "Msumeno ule unalia sauti gani? Iimbe." Nikaimba na msumeno, mafundi wakivunjika mbavu kwa kucheka.

Muhula ulipoisha ndipo akanikabidhi klarineti. Sauti yangu ya kwanza ilitoka kama bata aliyekanyagwa mguu. Mwalimu hakucheka. "Hiyo ni yako," alisema. "Sasa tuilee."

Pasaka ya mwaka niliokuwa darasa la saba, kanisa lilijaa hadi nje. Baba alikaa safu ya mbele na wazee wa kanisa. Kwaya ikiwa katikati ya wimbo wake mkubwa, umeme ukakatika. Kinanda kikanyamaza, maiki zikafa, kina mama wa sauti ya kwanza wakaenda huku, besi wakaenda kule. Watu wakaanza kutazamana. Mie nilikuwa mwisho wa benchi la bendi, nimepangiwa nyimbo za kutokea tu. Mwalimu Gaspari hakugeuka hata. Alisema taratibu, "Neema, washike."

Nikasimama, nikapuliza sauti ya kwanza, ile ya kina mama. Mwanzoni ilitetemeka, kisha pumzi ikakaa. Kina mama wakanisikia, wakarudi njiani mmoja mmoja. Besi wakafuata. Ubeti wa mwisho uliimbwa na kanisa zima limesimama, na mie nimo katikati ya sauti zile, nimezishika kweli.

Tulipotoka, mzee mmoja akauliza yule binti ni wa nani. Baba, mtu asiyesifia mtoto mbele za watu, akanyoosha koti lake. "Wa kwangu," akasema. Usiku huo mezani hakuzungumzia muziki. Aliniuliza tu, "Kesho mazoezi saa ngapi? Usichelewe."

Leo nafundisha klarineti sebuleni kwangu Kinyerezi, na ninajivunia kila mwanafunzi aliyepita hapo. Wanakuja na ala mpya inayong'aa, simu ina programu ya kupima sauti, na somo la kwanza tu wanataka kupiga wimbo unaotamba mtandaoni. Nawapa gazeti. "Madam, hili la nini?" Nawaambia wapulize kwanza, maswali baadaye. Wananuna, halafu wanapuliza.

Mwezi uliopita Zahra, binti wa Bwana Murtaza mwenye duka la vitambaa, alipiga peke yake mbele ya wazazi wote. Mtoto huyu alipoanza alikuwa haongei zaidi ya kuitikia salamu. Siku hiyo alisimama wima, akavuta pumzi hadi tumboni kama nilivyomfundisha, na sauti ikajaa sebule hadi barabarani. Zamu za wenzake, kila mzazi aliinua simu, akamtazama mwanawe kwenye kioo chake.

Baadaye Bwana Murtaza akanijia, macho mekundu. "Mwalimu, nimeharibu. Nimesahau kubonyeza. Sijarekodi hata kidogo."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa namwangalia."

Nikamshika mkono, nikampongeza. Baba zetu hawakuwa na cha kurekodia. Walikuangalia kwa macho yao mwanzo hadi mwisho, na wewe uliyesimama pale mbele uliyahisi.