Shule Isiyotuma Daftari Nyumbani

Binti yangu alipotimiza miaka minne, dada yangu alinishawishi tumpeleke chekechea moja ndogo karibu na Kaloleni, wanakofundisha kwa mtindo wa Montessori, wa mtoto kujifunza kwa kutenda mwenyewe. Muhula wa kwanza ulipita sijaona daftari hata moja. Kila jioni nilipekua mkoba wake nikakuta chupa ya maji tu, na vidole vyake vikinukia sabuni.

"Leo mmefanya nini?" nilimuuliza.

"Nimeosha meza."

"Na jana?"

"Nilimimina maharagwe."

"Mkayapika?"

"Hapana. Nikayamimina tena."

Mtoto wa jirani, wa rika lake, alikuwa anaandika namba hadi hamsini. Mama yake akaniambia bila kuficha, "Hao wanakufundishia kijakazi." Nami nilishaanza kuamini kwamba shule ilimfukuza mfagiaji ikawapa watoto kazi yake.

Muhula wa pili, Ijumaa moja asubuhi, nilimwachia mwenzangu kibanda changu cha nguo kule soko la Kibuye nikaenda shuleni bila taarifa. Nilitaka kuwafumania. Mwalimu hakushtuka kabisa, na hilo likanitia shaka zaidi.

"Karibu, Mama. Kaa hapa pembeni. Lakini usimsaidie."

Watoto walikuwa wametulia kwenye mikeka, kila mmoja na shughuli yake. Utulivu ule sikuupenda. Kwangu nyumbani watoto wakinyamaza hivyo, kuna kitu kimeharibika. Binti yangu alikuwa akimimina maji kutoka kwenye jagi hadi kwenye glasi. Glasi ya kioo, si ya plastiki. Ikateleza, ikapasuka sakafuni.

Nilisimama. Mwalimu akaninyooshea kiganja nisubiri. Nikasubiri makelele, labda kofi, kama tulivyopigwa sisi. Mwalimu aliokota vipande vikubwa mwenyewe, binti yangu akaleta ufagio mdogo, akafagia chengachenga, akapangusa maji, kisha akachukua glasi nyingine na kuanza upya. Ulimi ulikuwa umemtoka kwa makini.

"Kwa nini msiwape plastiki?" nilimuuliza mwalimu.

"Plastiki haimwambii kama amekosea, Mama."

Jibu lilikuja haraka mno. Nikajiambia amelikariri la kuwaambia wazazi.

Baadaye nilimwona mtoto mwingine akipitisha kidole juu ya herufi zilizokatwa kwa karatasi ya msasa, huku akinong'ona sauti ya kila moja. Hakushika penseli hata mara moja.

Wakati wa kurudi nilinunua daftari Kondele. Jioni ile nikamketisha mezani nikamwambia aandike neno "maji". Akaandika, herufi j ikiwa imegeuka. Nikadhani ni neno walilomkaririsha.

"Andika samaki."

Akanong'ona peke yake, sauti moja baada ya nyingine, penseli ikimfuata. Akanisogezea daftari. Alikuwa ameandika "smaki".

Nikalisoma tena. Hakuna mwalimu anayemkaririsha mtoto kosa. Alikuwa amelisikiliza neno mwenyewe, akaliunda mwenyewe, akaruka sauti moja tu.

"Umeruka herufi," nilisema, nikinyoosha mkono nimwonyeshe.

Akalifunika daftari kwa kiganja. "Usiniambie, Mama. Ngoja."

Nilingoja. Muda si muda akaiingiza herufi a kwa kuibana kati ya s na m. Jumatatu nilimrudisha shuleni, na nikamuuliza mwalimu hesabu wataanza lini.