Kapi la Baba na Neno "Acha"

Harufu ya grisi na kamba mbichi ya katani hunirudisha Mafubira, nje ya mji wa Jinja, kiangazi kimoja cha utawala wa wanajeshi. Baba, Mkenya mchimba visima, alikuwa na kapi, gurudumu la chuma la kupitishia kamba, alilolitundika juu ya kisima. Upepo ukivuma lililia peke yake, kwii, kwii, na mama alisema kuna mtu anavutwa ambaye hatumwoni. Watu walikuwa wakipotea siku zile, kwa hiyo hatukucheka. Kazini baba alikuwa mkali: anayeamrisha ni mmoja, maana manahodha wengi chombo huenda mrama, na lazima iwepo kamba ya pili, ya akiba, isiyotegemea kapi.

Asubuhi moja ya ukungu kisima kiliita. "Nitoe! Mimi nakufa!" Kwa Kiswahili! Majirani walifunga milango, kwani kwao hiyo ilikuwa lugha ya wanajeshi, lugha ya bunduki. Mama alichungulia, akaona askari aliyetumbukia, mguu umevunjika. Baba akawabembeleza majirani wawili washike kamba ya kapi, akajifunga hiyo pamoja na ile ya akiba kiunoni, akashuka. Mama aliizungusha kamba ya akiba kwenye shina la mfenesi, nami nikakaa nyuma yake nikiishika ncha. Baba alipokwisha kumfunga askari kifuani pake, aliita, "Vuta!" Kapi likaanza kulia, taratibu.

Ndipo askari wa pili alipotokea migombani, akimtafuta mwenzake. "Wee! Nyinyi nafanya nini? Acha hiyo!"

Alitaka wasimame tu. Majirani, waliozoea kutii kwanza na kuelewa baadaye, waliiachia kamba. Kapi lilipiga yowe ambalo bado nalisikia. Kamba ya akiba ikakaza, ikamchuna mama viganja, kisha kimya. Nilijua baba amekufa. Sijawahi kuogopa vile. Halafu kutoka gizani sauti mbili zikapanda kwa pamoja, sikutambua ipi ni ya baba: "Usiache!"

"Afande, shika kamba," mama alimwambia askari. Akashika, na wote wawili wakatoka hai.

Siku hizi naishi Mbale. Vijana wa uokoaji hufanya mazoezi kwenye majabali, makapi yao mepesi, kamba zao za rangi, na badala ya maneno wanapiga filimbi. Nawaonea wivu kwa filimbi hizo. Nyumbani kwangu sisemi "acha" hata leo. Mjukuu wangu akichezea kisu, mimi humwambia, "Simama!" Naye husimama wima, kisu mkononi, akiningoja.